Marehemu Wawili Katika Mtoto Mmoja

Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa jina lake likiwa tayari. Baba wa mkwe wangu, mume wa binti yangu, alikuwa amekufa kabla ya mvua kuanza, na kwao mtoto mwanaume anayefuata ndiye anayembeba mzee. Hapo hapakuwa na la kuzungumza. Jina la pili, lile la kukaa nyuma ya la kwanza, waliniachia mimi.

Mimi nilikuwa na jina moja tu la kutoa, la marehemu mume wangu. Tulizaa mtoto mmoja, huyu binti, na ndugu zake mume wangu walikwisha kufa bila watoto. Nisingelitoa siku ile, lingeoza pamoja naye.

Majina yenyewe siandiki. La mzee wa upande ule ni la mkwe, na mimi nililelewa kutotamka jina la mkwe. Hata binti yangu alishindwa kumwita mtoto wake mwenyewe. Alikuwa anamwita "mukwe", anambembeleza, "nyamaza, mukwe", majirani wanacheka.

Shida ilikuwa hii: wazee wale wawili walikufa hawali pamoja.

Ilianza siku tulipokwenda kwao kwa mambo ya ndoa. Wao ni watu wa Kasai, na bukari yao, yaani ugali, wanachanganya unga wa mihogo na wa mahindi. Mume wangu alizoea mahindi matupu, yale ya posho ya kampani ya migodi. Walituwekea sahani, akaiangalia, akaminya tonge, likavutika. Akasema, "Hii ni ya kubandika matofali." Akaisukuma sahani mpaka mbele ya mwenye nyumba, baba wa mkwe wangu, bila kuonja. Alifikiri watacheka. Hakuna aliyecheka. Yule mzee akasema pole pole, "Basi na minye sitakula kwako mpaka nikufe."

Na alishika neno lake. Watoto walioana kwa sababu walipendana, lakini baba zao walikaa kambi moja, walifanya kazi kwenye tanuru moja, wakipita njiani kila mtu anaangalia upande wake. Mume wangu alipolala na ugonjwa wa kifua, yule mzee alikuja mpaka kwenye ua. Alisimama nje, akauliza hali yake. Nilimwambia aingie. Alijua nikimkaribisha nitampa chakula. Akarudi.

Sasa hao wawili niwaweke ndani ya kitoto ambacho shingo yake haijakaza?

Zamani kungekuwa na jina la mtakatifu. Lingekaa katikati yao kama mtu anayetenganisha wagombanaji. Lakini miaka ile serikali ilikataza majina ya ubatizo, na padre aliyembatiza mtoto kwa jina la kizungu aliweza kufungwa. Tulibaki na majina ya wazee peke yake, yakiangaliana uso kwa uso.

Hata hivyo tulilitaja jina la mume wangu, Jumapili baada ya misa, mbele ya mlango. Kesho yake mtoto akakataa kunyonya. Mwili ukawa moto. Alilia mpaka sauti ikaisha, ikabaki mdomo wazi tu. Upepo siku hizo ulileta moshi wa kiwanda mpaka ndani ya nyumba, ule unaokwaruza koo, na mimi nilijaribu kujiambia ni moshi. Mama jirani akaja kuchungulia, akasema bila kuulizwa, "Huyu anakataa jina."

"Weye ulisikia wapi?"

"Mama, macho iko naona. Batu babili banamuvuta," akasema, akinyoosha vidole viwili.

Tulimpeleka hospitali ya kampani. Akachomwa sindano. Muuguzi akauliza majina, binti yangu akaniangalia mimi nitaje la kwanza, mimi nikalisema kwa kujikaza kwa sababu yeye hakuweza.

"Na ya pili?" muuguzi akauliza.

Niliogopa kumwongezea moto, nikamfunga mtoto kitambaa vizuri.

"Mama sitwayeni, mutoto hana jina ya pili?" akasema, akiniita "raia" kwa Kifaransa kama serikali ilivyoamuru.

"Iko nayo. Ngoja kwanza."

"Minye ningoje nini, mpaka atakomea, akuwe mukubwa?"

Mkwe wangu alikuwa anafanya kazi Kakanda, kwenye mgodi wa mbali, akija nyumbani mwisho wa juma. Alipofika akamshika mtoto, akasikia moto wake, akakaa chini. Kijana wa heshima, hakuniangalia machoni. "Mama, minaomba tuweke jina ya kupoa. Ile ya baba yangu iko moto. Ya pili ikuwe ya amani, ama ya uvumilivu. Jina yenye kupatana nayo."

"Na ya bwana yangu itaenda wapi?"

Akaanza kumpepea mtoto. Sikuweza kumlaumu. Mtoto alikuwa wake.

Asubuhi nilifunga kitambaa nikaenda kwa mama yake, mjane mwenzangu. Nilimkuta anachambua maharagwe. Hakusimama.

"Nilijua utakuja," akasema. "Nilizani utakuja mbele ya leo. Mutoto iko namna gani?"

"Iko moto. Hanyonye."

"Balikufa bila kupatana, bale."

"Njo maana nimekuja. Pika."

"Nipike nini?"

"Ile bukari yenu."

Aliacha maharagwe. "Ile ya kubandika matofali?"

"Ile ile."

"Bwana yako atakusikia."

"Asikie. Njo nataka asikie."

Akacheka, kwanza kidogo, halafu mpaka akashika kiuno. Mimi sikucheka. Niliogopa. Nilikuwa nakwenda kula kile ambacho mume wangu alikataa mbele ya watu, na sikujua yeye huko aliko atalichukua jambo hili namna gani.

Tulimwita binti yangu, akaja na mtoto, akakaa mbele yetu. Mwenzangu alichanganya unga macho yangu yakiona, akasonga, akaweka sahani moja. Kabla ya kugusa nilisema na mume wangu. "Weye uliirudisha. Minye ninakula juu yako, mu nafasi yako. Kama iko na maneno, uniletee minye, hapana mutoto." Mwenzangu naye akasema na wake kwa lugha yao. Alilitaja jina lake, nikaangalia chini.

Nikaminya tonge. Lilikuwa zito, likavutika vile vile kama siku ile. Lilishika kooni, nikameza.

"Mubaya?" akauliza.

"Inashibisha."

"Hata yeye angesema vile, kama angekula."

Tulikula mpaka sahani ikabaki tupu. Mtoto alikuwa analia muda wote ule.

Alinyonya kesho yake. Binti yangu alisema ni bukari. Muuguzi angesema ni sindano. Mimi nilivaa viatu nikaenda hospitali kumpa muuguzi jina la pili, lile la mume wangu, akaliandika, nikarudi.

Watu wakafikiri yameisha. Mimi niliendelea kumchunguza yule mtoto. Akilia sana, nilijiuliza ni yupi. Akipiga mwenzake, nilijiuliza ni yupi.

Siku moja, alipokwisha kukaa mwenyewe kwenye chakula na kusema vizuri, tulikuwa kwa mwenzangu. Akaweka bukari yake ya mchanganyiko. Mtoto akaiangalia, akaisukuma sahani mbele. Ilikwaruza sakafu. Niliona mkono wa mwenzangu umesimama hewani na tonge ndani yake. Wangu pia ulisimama.

"Unaikataa?" nikamuuliza. Sauti yangu haikuwa nzuri.

"Iko moto," akasema. "Nangoja ipoe."

Akaweka mikono magotini, akangoja. Sisi wawili tukangoja naye, hakuna aliyemeza, mpaka akaivuta sahani tena na kuanza kula.