Kaka Yangu na Timu Isiyoshinda

Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi cherehani hapa Bagamoyo, na Mwenyezi Mungu alimjalia jicho la kuona kasoro katika nguo yoyote. Kasoro za timu yake hakuziona hata siku moja. Ilikuwa timu ya mtaa wetu, ya wavuvi, wauza mihogo na vijana wasio na shughuli maalumu, na ilicheza ligi ya wilaya kwa moyo mmoja na miguu ya kila namna. Wenzake walikuwa wamegawana zile timu kubwa mbili za Dar es Salaam, ambazo angalau humpa mtu sababu ya kufurahi mara moja moja. Yeye aliona hizo ni za watu wasio na subira.

Jezi alizishona mwenyewe. Mwaka mmoja Idi ilikaribia, na nusu ya wanawake wa mtaa walikuwa wamempelekea vitambaa vyao, mama yetu akiwa wa kwanza. Mechi nayo ikapangwa Idi Mosi. Basi wachezaji wakaingia uwanjani wamependeza kama maharusi, na mama akaenda kuswali na gauni la Idi iliyopita. Wakafungwa nne.

Mama alipouliza gauni lake liko wapi, kaka akamjibu kwa adabu zote, "Mama, wewe hata ukivaa la zamani unapendeza. Wale wangeonekana vibaya."

Ndani ya jezi mpya pia walionekana vibaya, lakini hilo hakuulizwa.

Kisha akaoa. Baba wa binti alikuwa mzee mwenye duka la vitambaa, mtu wa msikitini na wa biashara, asiyejua mpira hata kidogo. Ndoa ilipangwa kufungwa baada ya alasiri. Asubuhi ya siku hiyo timu ilikuwa na mechi Lugoba, na bwana harusi akaona hakuna tatizo, atakwenda na kurudi. Alikwenda vizuri sana. Wakati wa kurudi gari lao likafia Msata, na sisi tukabaki na shehe, na pilau, na bibi harusi ambaye hina yake ilikuwa imekauka zamani. Magharibi ikaswaliwa. Ndipo kaka akaingia, vumbi hadi kwenye nyusi, kanzu ameivaa juu ya jezi.

"Kilichokuweka huko ni nini?" mkwewe akamuuliza.

"Sare, mzee wangu."

Kwa fundi cherehani, jibu hilo lilikuwa na maana. "Sare za shule?"

"Hapana, mzee. Sare ya bila kwa bila."

Mjomba mmoja ikabidi amweleze mzee kwamba watu walitoka Bagamoyo mpaka Lugoba, wakakimbizana juani, wakarudi bila kupata kitu na bila kukosa kitu. Mzee akamtazama kaka kwa huruma, kama mtu anayetazama mgonjwa, akamwambia shehe aanze. Nadhani alihofia bwana harusi angepata mechi nyingine.

Wifi yangu, maskini, akaingia katika ndoa ya watu wengi. Alifua jezi, alipika chai ya vikao, akajifunza kutomuuliza mumewe kitu chochote jioni ya mechi. Watoto wao walijua majina ya mabeki kabla ya majina ya shangazi zao, na mimi ndiye shangazi mwenyewe.

Figo zilipoanza kumsumbua kaka, daktari alimkataza chumvi, nyama nyekundu na mambo yanayopandisha presha. Chumvi na nyama akaacha. Alipozidiwa hata kukaa ikawa taabu, wifi akachukua jukumu la kumletea matokeo kitandani. Siku moja nilikuwepo.

"Wameshinda," wifi akasema, akimrekebishia mto.

Kaka akafurahi, akaomba uji, akaunywa wote. Wiki iliyofuata wifi akamwambia tena, "Wameshinda."

Safari hii kaka hakuomba uji. "Mke wangu, miaka yote hii hukuwahi kunidanganya. Hawa hawawezi kushinda mara mbili mfululizo. Wamefungwa ngapi?"

"Tatu," wifi akasema, akaanza kulia.

"Haya, hiyo naijua," kaka akasema. Akatulia kabisa, kama mtu aliyerudishwa nyumbani kwake.

Alifariki siku ya mechi, asubuhi. Nisingetegemea achague siku nyingine. Na haikuwa mechi ya hivi hivi: wakifungwa, wanashuka daraja. Mazishi yakapangwa baada ya alasiri, saa ile ile ya mpira. Tulipokuwa tunajiandaa kumtoa maiti, wakaja wote, wachezaji na kocha, ndani ya jezi alizowashonea, wakapokezana kubeba jeneza. Wapinzani wao walisubiri uwanjani, refa akawapa ushindi wa bure, na timu ikashuka daraja bila kugusa mpira.

Baadaye nahodha alikuja kunipa mkono wa pole. Nikamwambia, "Mngekwenda tu kucheza. Yeye angewafukuza hapa."

"Tungefungwa, dada."

"Mmezoea."

"Tumezoea," akasema, "lakini tungefungwa huku yeye anazikwa na watu wengine."

Mimi ni mtu wa maneno, ukoo mzima unajua. Siku hiyo nilivuta mtandio wangu usoni nikaingia ndani.

Kwenye hitma alikuja mwamuzi mmoja mstaafu tusiyemwalika, akala pilau, akaongezewa, akala tena. Kabla ya kuondoka akamwambia wifi kwamba katika kazi yake alitukanwa na watu wengi, ila marehemu ndiye pekee aliyemtukana kwa Kiswahili safi, bila kumgusa mama yake. Wifi akamshukuru. Akamfungia na sambusa za kwenda nazo nyumbani.