Mlio wa Tatu

Bena hakuwa mwoga, msije mkabeba maneno ya mjini. Mwanamke aliyeteremka peke yake kutoka Newala, mtoto mgongoni, sanduku la bati kichwani, akatafuta kazi mpaka akaipata ya swichibodi kwenye ushirika wa korosho hapa Lindi, huyo utamwita mwoga? Jina lake kamili Benadetha. Mimi Naima nilikuwa mpika chai wa ofisi ileile, na meza yangu ya vikombe ilitazamana na ubao wake wa simu. Ninayoyasema sikuhadithiwa.

Jambo lake lilikuwa moja tu. Bibi aliyemlea alimwonya kwamba jua la utosi ndiyo saa ya mizimu kutembea, na mzimu ukikuita huita mara mbili, ya tatu hauwezi. Basi adhuhuri ukimwita Bena, kimya. Ukirudia, kimya. Ukiita ya tatu ndipo anaitika "Abee" kwa upole, utadhani ndiyo kwanza amekusikia. Na simu alizifanyia hivyohivyo. Asubuhi na jioni alidaka mkonga simu haijamaliza mlio, lakini adhuhuri aliiacha ilie, ilie tena, mpaka ya tatu.

"Dada Bena, mzimu utapiga simu kutoka posta gani?" nilikuwa namtania.

"Cheka tu, mdogo wangu," ananijibu. Wala hakuacha.

Simu ya adhuhuri aliyoingojea kwa hamu ilikuwa ya Lukas, yule mtoto wa mgongoni, ambaye sasa alikuwa kijana wa ndevu. Alikuwa amekimbilia Tunduru kwenye madini, miaka ile vijana wote walipokuwa hawaongei kitu ila mawe. Alikuwa akitoka shimoni anakwenda mjini kwenye simu ya kulipia, anampigia mama yake mchana, wakubwa wakiwa wamekwenda kula. Bena anamwuliza kama amekula, kama ana chandarua, kile kikohozi kimeisha au bado. Akikata anakuja kuninyang'anya kikombe changu cha chai, anakinywa chote huku anatabasamu peke yake.

Kisha ushirika ukafa. Wanunuzi binafsi waliruhusiwa, wakamiminika, na jengo letu likachukuliwa na kampuni ya mtu. Meneja mpya alikuja na sheria zake, ya kwanza ikiwa hakuna mfanyakazi kuongea mambo ya nyumbani kwenye simu ya kampuni, atakayekamatwa aende zake. Bena akamwambia Lukas asithubutu kupiga saa nyingine, adhuhuri tu.

Sheria ya pili ilikuwa simu zenyewe. Ubao wa zamani wenye nyaya uling'olewa, akaletwa fundi kutoka Dar, Evaristo, kijana mwenye heshima zake, kila akipita ananiamkia shikamoo. Alifunga mtambo mpya ukutani, akaingiza laini za nje za kidijitali, akagawa namba: meneja yake, mhasibu yake, ghala yake. Bena akafundishwa vitufe vya kuhamishia simu. Mengine fundi na meneja waliyapanga wawili, mlango umefungwa.

Wiki iliyofuata mzee Abilahi, mtunza ghala wetu, akafa palepale kwenye mizani. Aliinama kusoma uzito wa gunia, hakuinuka. Msimu ulikuwa unakwisha, ghala likawa tupu, likafungwa kufuli. Na baada ya maziko yake tukaanza kuisikia.

Adhuhuri, jua limetulia juu ya mabati, ua mzima kimya, simu inalia ndani ya ghala lililofungwa. Inalia weee, inalia, mpaka inachoka yenyewe. Siku ya kwanza mlinzi aliacha viatu vyake getini. Wakasema ni Abilahi hajamaliza hesabu ya magunia yake. Ilisomwa dua pale mlangoni, na mimi nilisimama nikaitikia amina kwa moyo wangu wote. Kesho yake ikalia. Mimi mwenyewe nilihamisha jiko langu la mkaa kutoka upande ule, na sioni haya kusema.

Kwa Bena mambo yalikuwa mabaya zaidi. Alianza kukonda. Siku moja alinishika mkono, vidole vyake vya baridi.

"Naima, na mezani kwangu pia inalia. Adhuhuri. Mara mbili inanyamaza. Ya tatu haiji."

Sikuwa na utani tena. Bibi yake ndivyo alivyomwambia.

"Na Lukas hapigi," akasema. "Tangu walipoweka mtambo huu mwanangu hajapiga. Hao wananiita mimi, au wananiambia habari zake?"

Lukas hakuwa mtu wa barua. Bena alikwenda kanisani, akaweka nia ya misa. Kwa siri akaja kuniomba nimpeleke kwa shehe wetu pia, nikampeleka. Na kila adhuhuri alikaa mbele ya simu ile mikono mapajani, anaisikiliza ikimwita mara mbili, machozi yanamtiririka.

Evaristo akarudi kuongeza laini za tawi la Mtwara. Alikuwa amefungua kifuniko cha mtambo, mimi namimina chai, akauliza kwa wema tu, "Mama, simu hii haikusumbui?"

Bena akamweleza. Fundi hakucheka. Alisema, "Ndivyo nilivyoipanga, mama. Meneja hakutaka simu ya mteja ipotee. Ikilia kwako mara mbili hujapokea, inarukia ghalani. Anayepiga hajui, yeye anasikia inaendelea kulia tu."

Bena alikuwa bado anamtazama mdomoni simu ilipolia. Ikalia ya kwanza. Nikamwona ananyanyua mkono, ukafika juu ya mkonga, ukaganda hapohapo. Maisha mazima ya kungoja hayaondoki kwa neno moja la fundi. Ikalia ya pili. Ikanyamaza, na kule uani ghala likaanza kulia.

Alikimbia. Sijawahi kumwona Bena akikimbia. Mlinzi alimrushia ufunguo kwa mbali, mimi nikamfuata roho mkononi. Ndani mlikuwa na joto, vumbi, mizani ya Abilahi imefunikwa gunia. Akadaka mkonga.

"Lukas!"

Haikuwa sauti ya Lukas. Ghala lilikuwa tupu, na mtu yule alikuwa anapaza sauti kama wapazavyo wa mbali, nikasikia yote.

"Shikamoo mama. Mimi Nassibu. Tulikuwa shimo moja na Lukas."

"Yuko wapi?"

"Mama, homa ilimzidi. Tumemzika wiki iliyopita. Napiga kila mchana nikuarifu, nilikuwa sipati mtu."

Bena hakulia. Aliuliza taratibu, "Na yeye alipougua hakunipigia?"

"Alipiga, mama. Alipiga sana. Mwishoni tulikuwa tunambeba. Tukimwambia hapokei mtu, turudi ukalale, anakataa. Anasema iacheni ilie, mama hapokei mpaka mlio wa tatu."

Hapo ndipo alipokaa chini kwenye vumbi, mkonga umeshikwa sikioni, na yule kijana anaita mama, mama, mama.

Evaristo aliibadilisha siku ileile, simu ya mezani isiruke kwenda popote. Ghala likapata mtunza mwingine. Bena aliendelea na kazi, hakuwa na pa kwenda, na nywele zake zilijaa mvi msimu uliofuata haujaisha. Meneja alimsamehe kukimbia, akafikiri amefanya kubwa.

Siku hizi adhuhuri nikimpelekea chai namwita nikiwa bado mlangoni, mara moja tu. Anaitika papo hapo, amekwisha nyanyuka nusu kwenye kiti. Nilimwuliza siku moja, dada, na mizimu huiogopi tena?

"Ndio ninaowangoja," akasema. "Huyo wangu mmoja akiniita, hatahitaji kurudia."