Daftari la Waelvi wa Mawe

"Sasa tuambie tu, huyo bibi mmemweka wapi?"

Mwalimu wa darasa la nne aliniuliza hivyo ofisini, mbele ya walimu wenzake wawili waliokuwa wanakula viazi vitamu, na mbele ya binti yangu wa miaka kumi. Huyo bibi ni mama yangu mzazi. Tulimzika miezi miwili kabla.

Nilikuwa nimeenda kwa adabu. Nimevaa kitenge cha kanisani, nimesalimia kila mtu, wa kupewa shikamoo nimempa. Adabu ikaishia hapo. Nilipiga meza kwa kiganja, kiazi kikadondoka.

"Yuko kaburini kwake! Na wewe ulikuja msibani ukala!"

Ni kweli alikula. Sahani mbili.

Niseme ilivyoanza. Nikiwa kidato cha pili, bwenini tulikuwa na kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, chenye hadithi za watu wembamba, masikio yamechongoka, wanaishi msituni na hawazeeki upesi. Sisi tuliwaita waelvi. Nilipopata mtoto, nikawa namsimulia habari zao jioni nikichambua mboga. Akasema msitu haujui, atawahamishia kwenye mawe. Nyuma ya nyumba yetu hapa Unyambwa kuna mawe makubwa kuliko nyumba, yamebebana. Basi akaanza kuwaandika kwenye daftari, waelvi wakahamia huko, wakawa wanalima uwele juu kabisa ambako mtu hafiki, na plau yao inavutwa na sungura wawili.

Watoto watatu wa jirani wakataka nao waandike. Daftari likawa moja, linazunguka nyumba mbili kwa zamu, kila mtoto ana waelvi wake lakini mawe ni ya wote. Wiki ya kwanza tu ugomvi. Mmoja alimchukua mwelvi wa binti yangu akamwangusha kutoka juu ya jiwe, akafa. Binti yangu alilia kama kafiwa kweli.

Aliyeamua kesi ni mama yangu. Alikuwa hajui kusoma, akasomewa yote, akasikiliza huku anamenya karanga. Kisha akasema, nusu Kinyaturu nusu Kiswahili, "Nyie hamjaona watu wakiazima ng'ombe wa kulimia? Unaenda kwa mwenye ng'ombe, unaomba. Ukimaliza kulima unamrudisha mzima. Akiumia, unakuja kusema mwenyewe, hutumi mtu."

"Na aliyekufa je, bibi?" binti yangu akauliza.

"Huyo alizimia tu. Mwandikeni ameamka."

Tangu siku hiyo kila hadithi ilianza na mstari mmoja juu: nimemwazima fulani kwa fulani, nitamrudisha mzima. Mama alicheka kila aliposomewa.

Ile mvua ya mwisho akaugua presha, akafa. Siku ya tano baada ya mazishi binti yangu aliomba daftari kwa jirani, akaandika kurasa tatu bila kunyanyua kichwa, akaniwekea mapajani, akaenda zake kuchota maji.

Juu aliandika: Nimemwazima bibi. Akimaliza kulima nitamrudisha mzima.

Ndani, bibi anafika kwenye mawe, waelvi wanamuuliza anajua kazi gani. Anajibu, kumenya karanga na kugombeza. Wanampokea. Masikio yake yanachukua siku tatu kuchongoka, na yanawasha. Yakishachongoka anasikia mpaka huku chini jikoni kwetu, anasikia ninavyolia kwenye sufuria, anawaambia waelvi, "Mpelekeeni habari, chumvi imetosha."

Nilicheka nikaunguza maharage. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilikula nikashiba.

Ndilo hilo daftari alilolichukua mwalimu kwenye kipindi cha hesabu. Akasoma mstari wa juu. Si mgeni yule, kazaliwa Ikungi, mambo ya kuazimana ng'ombe anayajua. Ila anayajua na yale maneno mengine, ya msukule, ya marehemu wanaolimishwa mashamba ya watu. Akaunganisha: bibi amekufa, bibi ameazimwa, bibi analima. Sikatai, aliogopa kweli. Lakini mtu mzima ukiogopa unamuuliza mzazi. Yeye alilisema darasani, akamhamishia mwanangu dawati la nyuma peke yake. Kufikia mapumziko, watoto walikuwa wanampisha njia kama ana ndui.

Jioni ile alisimama mlangoni, hajavua hata viatu.

"Mama, kwani nilimfanyia bibi kitu kibaya?"

Nilimshika nikamkalisha mapajani, ingawa miguu yake sasa inagusa chini. Nikamwambia hapana, ulimfanyia kizuri kuliko sisi wote. Hakuniamini. Nilimpa daftari jipya, akalifunika na kanga.

Kwa hiyo pale ofisini mwalimu mkuu aliposikia kelele akaingia na kuniambia, "Mama, tuyamalize kifamilia," nilimjibu kwamba familia yangu ndiyo imetukanwa. Nikamshika mtoto mkono tukatoka.

Barua niliiandika kesho yake asubuhi. Binti yangu akaisoma begani kwangu.

"Mama, hapa umemtukana."

"Najua."

"Futa."

Nikafuta. Niliyoipeleka ni hii:

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Shule.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MWALIMU WA DARASA LA NNE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa hilo. Mwalimu wake alimnyang'anya daftari la hadithi, akamtenga, na akatamka mbele ya wanafunzi kwamba familia yetu inamtumikisha marehemu. Hadithi ile ni ya kubuni. Marehemu alizikwa mchana, mbele ya watu, mwalimu akiwepo.

Naomba mtoto apewe daftari lake bila karatasi kuchanwa. Naomba akae na wenzake kuanzia kesho. Naomba mwalimu awaambie wanafunzi kwamba alikosea, na aseme palepale darasani alipoyasema ya kwanza, siyo kuniambia mimi pembeni.

Mtoto ameacha kuandika. Hilo ndilo kubwa kuliko yote niliyoyataja.

Naomba nijibiwe kwa maandishi. Nakala nimempa Mtendaji wa Kata.

Mzazi.