Mama wa Kambo na Nywele za Becky

Mapenzi ni msusi wa Makadara, mkono wake mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Wateja humfuata kwa habari, kusukwa baadaye. Lakini tangu aolewe na Nicodemus, mtu wa bara aliyefiwa na mke, umbea wote humwishia mlangoni kwake. Ndani yumo Becky, binti wa Nicodemus, msichana wa miaka kumi na mitatu ambaye hujibu alichoulizwa, basi. Siku pekee anayokubali kuguswa na mama huyu mpya ni Jumamosi, siku ya kusukwa. Mapenzi akiipoteza hiyo, hana nyingine.

Jumamosi moja alasiri Becky alitaka kutazama, huku akisukwa, filamu ya Kikorea ya kutisha, iliyotokana na hekaya yao ya kale. Mapenzi, kwa kutaka kumpendeza, akakubali bila kuuliza inahusu nini. Kumbe inahusu mama wa kambo. Huyo wa filamuni alimchana mtoto wa mumewe taratibu, akaokota nywele zilizong'oka, akazifungia chunguni, na mtoto akaanza kunyauka.

Shingo ya Becky ilikakamaa. Mapenzi aliendelea kusuka, akiomba filamu iishe. Alipofika nusu ya kichwa, vidole vyake vikafanya kile alichofundishwa na nyanya yake Mgiriama: vikakusanya nywele zilizodondoka sakafuni na kuzifunga kwenye kitambaa.

Becky akageuka. "Anti, unazipeleka wapi?"

"Jikoni, nikazichome. Nyele haziwatwi ovyo, asije mtu akakufanyia ubaya."

Kwa kina Becky, nywele hufagiwa zikatupwa. Alikinyakua kitambaa, akakimbilia chumbani na kujifungia kwa komeo.

Mapenzi aliumia, na hasira zikampanda pia. Miezi yote hii ya kujipendekeza, leo ameonekana mchawi. Aliishika simu ampigie Nicodemus kazini bandarini, kisha akaiweka. Mtoto akishashtakiwa kwa babake, mlango ule hautafunguka tena. Akachukua mkasi, akakata shungi la nywele zake mwenyewe na kulisukuma chini ya mlango.

"Hizo ni zangu, Becky. Tangu nizawe sijampa mtu. Nikikudhuru, zipeleke kwa wenye kazi zao, wanifanye watakavyo."

Sauti ya Becky ikasikika, karibu kabisa na mbao za mlango.

"Huogopi?"

"Naogopa, mwanangu."

Komeo likavutwa.