Fundi Aliyetuomba Mlango

Habari za kifo chake nilizipata sokoni Lushoto, nikichagua kabichi. Mama anayeniuzia siku zote aliniambia bila kuinua uso, "Yule fundi wako wa suruali tumemzika juzi. Tumbo lilimvimba, akaisha hivihivi." Nililipa, nikaondoka, na nilipofika nyumbani ndipo nikagundua kabichi nimeziacha kulekule.

Wasomaji wangu wa siku nyingi watakumbuka niliwahi kuwachekesha hapa kwa suruali yangu yenye mguu mmoja mfupi. Aliyeishona ni yeye. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka moja hapa Lushoto, na siku akiwa mzima hakuna aliyemfikia kwa kola. Lakini akiamkia kwenye boha, hii pombe yetu ya miwa, mikono ilimtetemeka hata uzi ukakataa kuingia kwenye sindano. Nilipomrudishia suruali ile, enzi hizo nikiwa katibu wa tawi la chama, aliitazama sana, akasema, "Ndugu katibu, suruali haina kosa. Mimi ndiye niliyepinda." Tukacheka sote wawili. Sikujua kwamba wiki hiyohiyo mkewe alikuwa amechukua watoto na kurudi kwao Bungu, na baba mkwe ametoa neno lake: akae mwaka mzima bila kuonja, ndipo aje wazungumze.

Peke yake alijaribu akashindwa, si mara moja. Kisha mganga wa zahanati moja upande wa Gare, mzee aliyewahi kuwa mlevi wa kutupwa na akaacha, alipomwona anavyotetemeka alimnong'oneza kwamba kila Jumamosi alasiri kuna wenzake wanakutana kwenye ghala nyuma ya zahanati. Fundi alipanda milima kwa miguu, saa mbili na zaidi, na njiani akiulizwa alisema anakwenda kuchukua vipimo vya nguo. Walikuwa watu saba, Waislamu na Wakristo, wakulima na vibarua wa chai. Walifunga mlango, wakanywa chai isiyo na sukari, na kila mmoja akaeleza wiki yake ilivyokwenda. Yaliyosemwa mle hayakutoka nje. Basi, dawa yao ilikuwa hiyo tu. Akamaliza mwezi, akamaliza mitatu, akafika tisa. Mimi nilijua tu kwamba nguo zake zimenyooka.

Sasa nifike kwenye langu. Miaka ile tulikuwa tunahamia vijijini, nami nilikuwa katibu wa tawi hukohuko Gare, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni. Balozi wa nyumba kumi akanijia mbio. "Ndugu katibu, watu wazima wanafunga mlango mchana kweupe. Wana siri gani na wananchi?" Nilikwenda, nikawakuta, fundi wangu akiwa miongoni mwao, nikaelewa mara moja ni kitu gani, na nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi! Niliona jambo jema limefichwa bure. Nikaamuru kikao kihamie ofisi ya kijiji, kiwe na mwenyekiti na daftari la mahudhurio, na majina yabandikwe kwenye ubao wa matangazo ili wengine waige. Kichwa cha habari nilikiandika kwa mkono wangu: Walevi Wanaojirekebisha.

Jumamosi iliyofuata watu walijaa mpaka madirishani. Kati ya wale saba walikuja wawili, fundi akiwa mmoja wao. Nilimwita mbele awaeleze wananchi. Akasimama, akasema, "Mimi ni fundi cherehani." Mtu mmoja nyuma akauliza boha ya wapi ni tamu zaidi, watu wakaangua kicheko. Jumatatu alinifuata ofisini, kofia mkononi. "Shikamoo, ndugu katibu," akasema, na alikuwa amenizidi umri kwa miaka mingi. Nami, Mungu anisamehe, nikaitika marahaba. "Hatuombi kitu kingine. Turudishieni mlango. Nimebakiza miezi mitatu." Nikamjibu aandike ombi lijadiliwe kwenye kamati. Hakuandika. Wiki hiyo alionekana kwenye boha, na toka hapo kila nilipomwona alikuwa amelewa.

Nimekwenda msibani. Mkewe alikuja kutoka Bungu kwa ajili ya maziko na sasa amekaa eda. Nilimpa pole nikiwa nimesimama mlangoni. Akaniamkia, akaniuliza kama ni mimi niliyekuwa katibu wa Gare. Nikakubali. Akasema taratibu, kama mtu anayetoa taarifa tu, "Nilikuwa nimeshaanza kufunga mizigo ya kurudi kwake, kaka."

Chama kimetufundisha kujikosoa, na wengi wetu tunajikosoa kwa yale tuliyoshindwa kuyafanya. Mimi najikosoa kwa nililolifanya, tena kwa nia njema, na nia hiyo haijamsaidia mtu yeyote. Wale sita wengine sijui walipo. Mganga alihamishwa, na ghala sasa limejaa mbolea. Walevi wetu wanaongezeka, na sijasikia mahali popote wanapokutana. Ndugu kiongozi unayesoma haya, ukiwakuta watu wamejifungia wanasaidiana kubeba aibu yao, piga hodi. Wasipokufungulia, nenda zako.