Niliomba ruhusa ya kuhamisha vitu vya nyumba, wakanipa ya kubeba maiti

Wakuu, jambo kutoka Goma.

Naandika nikiwa nimekaa ndani ya gari yangu ya mizigo, kamyoneti yenye kitambaa cheusi mbele, na hakuna mutu amekufa. Najua mutasema huyu amekunywa. Sijakunywa, na haya yote yalinipata mimi mwenyewe.

Zamani nilikuwa nashusha viazi na kabichi kutoka Kibati. Lakini huku kwetu watu wanahama kila siku, na kila mutu alikuwa ananiuliza: "Papa Muhindo, hutanibebea vitanda?" Nikawa nabeba.

Siku moja askari wa barabara akanisimamisha na kabati la mutu. Karatasi iko wapi? Tutajuaje kama hukuiba? Nikakaa juani tangu asubuhi mupaka saa kumi na moja, nalinda kabati isiyo yangu.

Nikasema basi, sasa nitafanya hii kazi kwa sheria. Hapo ndipo nilipojiharibia.

Kwenye biro, ofisi ya usafirishaji, nikamukuta mama mumoja wa miwani, mupole kabisa. Akafungua kitabu kikubwa cha ruhusa za usafirishaji. Muchanga umo. Mbao zimo. Bia, ng'ombe, abiria, vyote vimo. Akatafuta déménagement, yaani kuhamisha vitu vya nyumba. Hakuna.

"Papa, kazi yako haiko."

"Mama, naifanya kila siku."

"Unaifanya, ndiyo. Lakini haiko."

Nilirudi kwake mara ine. Mara ya ine akanihurumia, akatoa miwani, akaanza kuniuliza. Vitu unavitoa kwa mulango? Ndiyo. Watu wanavibeba kwa mikono? Ndiyo. Familia inafuata nyuma, wengine wanalia? Kweli mama, wengine wanalia. Na vikishatoka havirudi? Havirudi.

"Basi ni hii," akasema, na akagonga cachet, muhuri wa serikali: *Usafirishaji wa maiti na vifaa vyake.*

Wakuu, mungefanya nini? Cachet ilikuwa ya kweli, tena imeshika vizuri. Nikasaini.

Masharti sasa. Kitambaa cheusi mbele ya gari. Mwendo wa polepole, bila honi. Ndugu mumoja wa marehemu awe ndani. Ukikosa kimoja, gari inakamatwa.

Mutu wangu wa kwanza alikuwa Papa Kambale, muzee wa Butembo, mwalimu wa hesabu wa zamani. Nyumba yake ya kwanza ilimezwa na lava ya volkano. Tangu siku ile yeye na muke wake, Mama Kavira, wamepanga nyumba tano, ya mwisho Majengo. Sasa amejenga yake Kibati, ya mbao, bati mupya.

Siku ya kuhama, mupangaji mupya alikuwa tayari mulangoni na godoro kichwani.

"Muhindo," muzee akaniambia, "leo nalala kwangu. Ikishindikana nalala barabarani. Kwa mutu sirudi tena."

Halafu akaona kitambaa. "Hii ni nini?"

"Ni sheria, Papa."

Akapanda pamoja na Mama Kavira, akashusha kofia mupaka puani.

Ayi, ile safari! Wanaume wanatoa kofia. Mama wa ndizi anafanya ishara ya musalaba. Pikipiki, hizi za Goma zenye wazimu, zimejipanga nyuma yetu na hakuna hata moja inathubutu kutupita. Kufika Kanyaruchinya tulikuwa na watu kama thelathini kwa miguu, wanaimba nyimbo za kilio. Mutu mumoja aliingiza mukono dirishani, akamupa Papa Kambale pole ya kufiwa. Papa Kambale akajibu asante, halafu akakasirika sana kwa sababu amejibu.

Mbele kidogo, kontroleri, mukaguzi wa karatasi za magari, akatusimamisha. Akasoma karatasi yangu, akazunguka nyuma. Vitanda. Masufuria. Mashine ya kushona. Kuku wawili.

"Vifaa naviona," akasema. "Maiti iko wapi?"

Nikamuonyesha kitambaa cheusi.

"Bila maiti, geuza gari. Murudi mulikotoka."

Kurudi wapi? Kule Majengo godoro la mutu mwingine lilikuwa limeshaingia. Nikamwinamia muzee: "Papa, nakuomba. Lala tu pale juu ya godoro. Dakika mbili."

Aliniangalia vile alivyokuwa anamwangalia mwanafunzi aliyenakili. "Hii nyumba nimeijenga ubao kwa ubao. Sitaingia ndani yake kama maiti." Akafungua mulango, akashuka, akakaa juu ya jiwe pembeni ya barabara. Nikajua imeisha.

Mama Kavira alimwangalia muzee pale juu ya jiwe. Naye akashuka.

"Mama, nani amekufa?" kontroleri akauliza.

"Nyumba yangu."

"Nyumba?"

"Ilikuwa na madirisha ya buluu. Lava ikakuja, tukakimbia na batoto. Batu balikuja kuangalia lava, bakapiga picha, bakarudi kwao. Ku kilio hakuna mutu alikuja."

Na akaanza kulia, kwa sauti. Wale watu thelathini wakaitika. Mimi pia nililia, sifichi.

Kontroleri alitafuta kalamu muda mrefu. Kisha akajaza fomu yake, nikimwona kwa macho yangu. Jina la marehemu: Nyumba. Sababu ya kifo: lava. Ndugu: Kavira.

"Mupite, mama. Pole sana." Akatoa kofia.

Kufika Kibati, watu wa kilio walishusha kila kitu kabla sijazima moto wa gari. Hakuna aliyeuliza kitu. Papa Kambale aliingia kwa miguu yake, akatembea ndani, akagusa kila ukuta, halafu akaita: "Kavira! Kuja. Ni kwetu."

Juma lililofuata nilirudi biro kufunga dosye, faili ya ile safari. Mama wa miwani akasema kumebaki musitari mumoja: marehemu alizikwa wapi? Nikamupigia Mama Kavira simu palepale. Nikamuuliza. Nikasikia kuku, na mutu anapiga misumari.

"Andika haikuzikwa," akasema. "Andika ilifufuka. Iko Kibati."

Mama wa miwani aliisoma mara mbili. Akagonga cachet.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Kabla ya kuomba ruhusa ya kazi, uliza kama kazi yenyewe iko. Na kabla ya kubeba kitanda cha mutu, muulize ametoka nyumba gani.

Wa Dar, Nairobi, Bujumbura, huko kwenu wahamishaji wanaandikwa kitabu gani? Semeni hapa chini, hata kunicheka mucheke. Na mukiniona njiani na kitambaa cheusi, fanyeni musalaba kama munataka, lakini mushike na upande mumoja wa kabati.