Jiko Lililokosa Pumzi

Kwa sababu mvuke hauna adabu, mwanangu. Ukiuzibia njia unakurudia mwenyewe. Ndiyo maana nakwambia usisimame mlangoni. Kaa hapa pembeni.

Siku ile siisahau. Tulikuwa Mikindani, mimi mwali wa juzi, babu yako kuli wa bandarini, kaniezekea jiko kwa bati. Bati! Wenzangu wote makuti. Kichwa kikanivimba. Nikamwambia fundi, "Ziba na huo uwazi wa juu ya ukuta, Bi Somoe jirani asininusie mchuzi wa pweza." Choyo hicho, usicheke. Akaziba, akapiga lipu.

Basi nikichemsha muhogo, mvuke unapanda, unagonga bati, unarudi matone. Na juu ya mafiga nimetundika mahindi ya mbegu, moshi uyakinge na wadudu, kama tulivyozoea. Kuja kuyashusha, mvua za kupandia zimekaribia, mahindi yameota yakiwa yananing'inia! Mengine ukungu mtupu. Mazima hayakujaza hata ungo.

Nikamwambia babu yako nataka tundu kubwa chini ya bati, kuelekea mlango, mbegu zilizobaki zipone. Akaongea kwa pua, hivi: "Mke wangu, lipu mbichi hiyo. Jiko la bati utoboe kama banda la kuku? Aibu!" Nikashika mtaimbo. Akaninyang'anya. Nikasema, hapikwi kitu humu mpaka ukuta upumue. Na sikupika. Siku mbili bwana mkubwa anatafuna mihogo mibichi.

Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba, ndipo nikaharibu. Ukijenga jiko, mwanangu, upepo uingie mlangoni, mvuke utokee juu. Funika sufuria. Ukiona ukuta unatoa jasho, usiupake chokaa, utoboe. Na ukigundua umekosea, shikilia kurekebisha hata wakununie. Mungu akupe jiko kavu, na watu wa kulijaza.

Haya, siku ya tatu akaja mama mkwe wangu, kutoka Kilambo. Kwa heshima yake nikawasha moto, nikamchemshia chai. Tone likamdondokea puani. Akatazama juu, akaangua hindi lililoota lililobaki likining'inia, akatoka nalo kwa mwanawe, naye bado anaimba aibu, aibu. Mama yule hakupandisha sauti, alisema kama anayetafuna kitu:

"Aibu ni kuomba mbegu. Toboa."